Hiba ya Jirani

Nilipokuwa darasa la saba, mwalimu wetu wa Kiswahili pale Temeke alijaza ubao maneno magumu kila wiki. Mtihani wa taifa ulikuwa karibu, nafasi za sekondari chache, nasi tulikariri hata kwenye foleni ya sukari. Siku moja akatupa jaribio. Neno la tisa lilikuwa "hiba".

Nilijiona nimelipata. Jirani yetu, mama wa Kizaramo aliyeuza vitumbua, alikuwa amelitumia mwezi mmoja nyuma. Mimi ndiye niliyemsomea barua za mwanawe aliyekuwa jeshini. Jioni moja aliniletea wali wa nazi kwenye bakuli jipya la maua, akasema, "Na hilo bakuli hiba yako, mwanangu."

Sisi watu wa Masasi neno hilo hatukuwa nalo. Nikamuuliza baba, mchonga vinyago ambaye hajapata kukiri kwamba kuna kitu asichokijua. Akajibu bila kuinua macho kwenye mpingo wake, "Kitu cha kuazimwa hicho." Mama hakungoja maelezo. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, kwa hiyo akalijaza bakuli karanga na kunituma nilirudishe. Jirani alilipokea, akashukuru kwa sauti ndogo. Tangu siku ile hakuniita tena kusoma barua, wala sikujua kwa nini.

Basi kwenye jaribio nikaandika kwa madaha: kitu cha kuazimwa. Karatasi ilirudi, jibu hilo limepigwa alama nyekundu ya kosa, na pembeni mwalimu ameandika: kitu mtu anachompa mwenzake kwa mapenzi, kisichorudishwa. Nikasoma mara mbili. Alama sikuijali tena, nililikumbuka lile bakuli la maua.

Sikupitia nyumbani. Nilimkuta jirani anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama. Lile bakuli hatukulikataa. Hatukujua maana ya hiba."

Akaweka ungo chini. "Marahaba. Mie nikadhani nyie mnanionea kinyaa. Mwezi mzima nawaza nimewakosea nini."

Niliona aibu ambayo sijaisahau mpaka leo, maana nilimpenda sana yule mama. Akaingia ndani, akatoka na bakuli, na barua mbili ambazo hakumpa mtu mwingine azifungue. Nilimsomea zote, ya pili mara tatu, kisha nikaondoka na bakuli langu.

Nyumbani nilimweleza mama kila kitu. Baba alisikia, akaendelea kupiga msasa kinyago kilichokwisha kulainika zamani. Mama aliligeuza bakuli mkononi, macho yakaenda kwenye gunia la karanga.

"Sasa mie nimrudishie nini?"

"Hakuna kurudisha, mama. Ndiyo maana yake."

Mama hakuwahi kulala na deni la hata kijiko cha chumvi, na niliona jinsi alivyokuwa akihangaika moyoni. Mwishowe akaliweka bakuli rafuni, kati ya vyombo vyetu.

"Nenda kamwambie tumepokea," akasema.