Gari Tulilolala Ufukweni na Marehemu Mume Wangu, Leo Wapwa Zake Wanalitaka

Admin, jina langu lifiche, maana kwetu watu wanasoma hii peji kuliko wanavyosoma Biblia.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, Mluguru wa upande wa Mlali, fundi cherehani, na mjane tangu mwaka jana. Nina binti mmoja, kaolewa Gairo. Humu ndani huwa nachangia sana visa vya wenzangu na mdomo wangu si mdogo, ila leo sina ubishi na mtu. Nimevunjika moyo jamani.

Mume wangu alifanya kazi kiwanda kimoja cha maturubai hapa Morogoro. Viwanda vilipouzwa kwa watu binafsi akapunguzwa, akapewa kiinua mgongo. Wenzake walifungua maduka, wengine waliongeza wake. Wangu akashuka Dar, akarudi na Hiace ya mtumba yenye maandishi ya Kijapani ubavuni. Nikamuuliza, baba, tutakula matairi? Akacheka tu. Aling'oa viti, akatengeneza kitanda cha mbao na kimeza cha jiko, mimi nikashona mapazia.

Baada ya hapo akawa anashona mahema ya watalii. Mgeni mmoja akamwachia tiara iliyochanika, zile kubwa za kitambaa. Mtu anajifunga kamba zake kiunoni, anasimama kwenye ubao, upepo unamvuta juu ya maji. Tuliishona wote wawili kwa cherehani yangu, na yule mgeni akamfundisha Bagamoyo mpaka akaweza. Ndipo kichaa kikampanda.

Kusi ilipoanza kuvuma, binti tukamwacha kwa kaka yangu, tukashika njia ya Chalinze. Tukafika Bagamoyo, tukasogea hivyo hivyo pwani kwa pwani hadi Pangani, tunalala humo garini, jua ndilo linatuamsha. Watu walitushangaa. Mtu na mkewe wametoka milimani, hawana biashara, hawana msiba, wanatafuta nini huku? Mimi kuogelea sijui mpaka leo. Kazi yangu ilikuwa kushika tiara pale mchangani. Yeye anasimama kwenye maji, anakaza kamba, akiwa tayari ananyoosha kidole gumba, mimi naachia. Basi ataondoka huyo, anapiga kelele kama mtoto aliyepewa baiskeli. Jioni tunakaanga samaki, ananikanda mabega, ananiita bosi. Sijawahi kupendwa vile na sitegemei kupendwa tena. Tuliirudia safari ile karibu kila mwaka mpaka figo zilipomshinda.

Sasa niwaeleze mila zetu, ndipo mtanielewa. Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama. Nyumba tuliyoishi, iliyojengwa juu ya ardhi hiyo, na shamba la kabichi ni vyangu kwa upande wa mama yangu, yeye ndiye aliyehamia kwangu. Na mwanaume akifa, mali yake wanachukua wapwa zake, watoto wa dada yake. Kilabuni walikuwa wanamcheka kwamba pale kwake hata kuku si wake. Aliponunua gari alitaka kadi iandikwe jina langu. Nikakataa. Niliita wazee wa pande zote mbili nikasema kwa mdomo wangu huu kwamba gari ni la mume wangu, mimi simo. Nilitaka awe na kitu chake cha kusimama nacho mbele ya wanaume wenzake. Siku ile alitembea kijijini kifua mbele, na mimi nilifurahi kumwona hivyo.

Juzi, siku ya kuanua matanga, mpwa wake mkubwa akanijia kwa adabu zote. "Shikamoo mama. Tumekuja kuomba gari la mjomba. Wewe mwenyewe ulisema mbele ya wazee kwamba halikuhusu." Anataka kung'oa kitanda abebee kabichi kwenda sokoni. Angekuwa mtu mbaya ningemtukana akome. Lakini huyu ndiye aliyekuwa anambeba mjomba wake mgongoni kumpeleka hospitali, ndiye aliyemwogesha siku nilizoishiwa nguvu. Nitamtukana nianzie wapi?

Binti yangu amekuja juu. Anasema, "Mama, twende mahakamani, sheria inamtambua mjane. Usitoe hata tairi." Kaka yangu yeye kaniambia taratibu, "Nenda, dada. Ila mila ukiivunja kwa gari, usije ukanililia mila kwenye shamba. Nyumba yako kaijenga mjomba wao kwa mikono yake. Wakija kudai nusu, nitawajibu nini?" Miaka yote mila hizi zimenilinda mimi na mwanangu, nikawa nawacheka wajane wa makabila mengine wanaofukuzwa kwenye nyumba. Mkuki kwa nguruwe ndio huu.

Jumamosi mpwa anakuja kuchukua jibu. Mchana nikimaliza kushona huwa naingia humo garini nafunga mlango. Mchanga wa Pangani bado umo kwenye nyufa za sakafu, sijaufagia. Tiara ipo chini ya kitanda, nayo hawajui kama ipo.

Naombeni msinitukane kwenye komenti, na msiniambie gari ni chuma tu, hilo nalijua. Miaka yote ile sikuwahi kuachia mpaka nione kidole chake gumba. Leo namtafuta mtu wa kuninyooshea, simwoni. Ndugu zangu, nishaurini, niachie au niendelee kushika?