Tuone na Kitenge cha Mama Kunigunda

Tangazo nililisoma mimi mwenyewe, mwenyekiti wa kitongoji, nje ya kanisa baada ya misa. Baada ya wiki sita kila mbwa aletwe na kamba shingoni achanjwe kichaa cha mbwa, asiyechanjwa atauawa. Nilisoma huku nikikwepa macho ya Mama Kunigunda, maana kitongoji chetu kizima cha Mpepai kilijua kwamba mbwa wake hashikiki.

Huyo mbwa, Tuone, alimtokea shambani akiwa na kovu la kamba shingoni. Wako watu wanaomfungia mbwa kwenye sanduku mchana kutwa na kumchapa, eti awe mkali. Huyu hakuwa mkali, aliharibiwa tu. Ukikohoa, keshajitosa kwenye shimo la ngolo, yale mashimo tunayochimba miteremkoni ili mvua isituibie udongo, na humo hutetemeka mpaka uondoke.

Nilimshauri mama huyo amnase kwa waya siku ikifika. Alinitazama kana kwamba nimetia mchanga kwenye ugali wake.

"Mwenyekiti, hofu haikamatwi," alisema. "Inaachwa ichoke."

Ulikuwa msimu wa kuchimba ngolo. Alianzia mwisho wa shamba, mgongo kwa mbwa, hamwiti wala hamtazami, anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ambayo, Mungu anisamehe, kwaya yenyewe ilimwomba aipumzishe. Jioni aliacha ugali na usipa, dagaa wa ziwani, pale jembe lilipoishia. Kesho yake akasogea safu moja. Mbwa akishtuka, naye anarudi nyuma safu mbili. Sisi tulikwishapanda maharage, yeye bado anabembelezana na mbwa, na tulimcheka, mimi nikiwa wa kwanza.

Wiki ya nne Tuone alilalia kitenge ambacho mama alikivua kiunoni wakati wa kulima. Akamwachia. Baadaye alikichana utepe, akamwekea mbwa mgongoni, kisha shingoni, bila kufunga fundo.

Siku ya chanjo mbwa wakali walitutia aibu. Wa jirani yetu Baltazar alimwangusha bwana wake akatokomea kwenye mibuni. Bwana mifugo alikuwa anafunga boksi lake, na kwenye orodha yangu Tuone bado hajatiwa alama. Moyo uliniuma.

Ndipo nikamwona mama anashuka mlima akiimba, mbwa kisiginoni, utepe wa kitenge umelegea shingoni. Watu wakawapisha njia. Sindano ilipotolewa, Tuone alianza kutetemeka. Mama Kunigunda hakumshika. Alipiga magoti, akampa mgongo kama shambani, akaendelea kuimba. Mbwa akaegemeza kichwa mgongoni kwake, na sindano ikaingia.

Nililia, wala sioni haya kusema.

"Sasa soma, Mwenyekiti," aliniambia akijikung'uta vumbi.

Nikalisoma jina la Tuone kwa sauti ile ile niliyosomea tangazo. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka bonde likaitika, na mbwa hakukimbia.