Chapati ya Benki

Juzi niliviringisha blanketi kuukuu nikaziba chini ya mlango, baridi isipenye, nikaikumbuka nyumba yetu ya utotoni kule Maplewood, ughaibuni.

Majira ya baridi mama alikifunga chumba cha juu na kukiziba hivyo hivyo, tusilipie joto la chumba kisicho na mtu. Mimi nilikuwa nimemsikia akisema nyumba bado ni ya benki, basi nikaamini Benki ni mzee fulani anayelala mle. Nilipita pale nikinyata.

Alasiri moja nyumba ilinukia chapati, nikamwonea huruma. Nilipanda ngazi na moja kwenye sahani, nikaiweka mlangoni. Mama akanikuta.

“Ya nani hiyo?”

“Ya Benki. Hajala tangu theluji ianze.”

Hakucheka. Alifungua mlango. Hamkuwa na mtu, ila harufu ya vitunguu alivyonunua kwa gunia na kuvihifadhi mle. Tulikaa sakafuni na makoti yetu, tukaigawana ile chapati.

“Benki ameshiba,” alisema. “Akiondoka, chumba hiki ni chako.”

Alimaliza kulipa deni la nyumba nikiwa chuoni. Niliporudi likizo, blanketi halikuwepo, na mlangoni pa chumba changu palikuwa na chapati moja kwenye sahani.