Ateliye ya Sijaona

Mwaka wa tisini na saba, ukiwa Bujumbura na mota yako imeungua, ulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kununua mpya, na hiyo ilikuwa njia ya ndoto tu, maana nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka kwa ajili ya vita na ya mapinduzi, na hata kibiriti kilikuwa kimepanda bei. Ya pili ni kuibeba mota yako mpaka Buyenzi ukaulize kwa Sijaona.

Sijaona alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mrefu, mkavu wa mwili, mwenye vidole vilivyochubuliwa na waya wa shaba. Kazi yake ilikuwa kusuka mota upya: anafungua mota iliyoungua, anachoma na kung'oa waya uliokufa, anahesabu mizunguko, kisha anasuka waya mpya mahali pake mpaka mota irudi kuimba. Alifundishwa na baba yake, Twalibu, ambaye hakuzaa mwana wa kiume aliyependa kukaa chini. Mwana wa kiume alikuwepo, Anouar, lakini yeye alichagua biashara ya viatu. Wateja walipokuja mara ya kwanza walimuuliza Sijaona, "Fundi iko wapi?" Naye aliwajibu, "Weka chini, rudi Alhamisi." Alhamisi mota ilikuwa inazunguka, na hawakuuliza tena.

Shida ilikuwa moshi. Alifanyia kazi chumba cha nyuma, na chumba kile kilipakana na cha mama yake. Siku za kuchoma waya wa zamani, na siku za kupaka vanishi, harufu ilipita chini ya mlango ikamkuta mama kitandani. Kikohozi kilianza kama cha mtu aliyepaliwa na ugali. Baada ya masika mawili kilikuwa kinamkunja bibi yule mpaka paji la uso liguse magoti. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza kifua, akavua kifaa masikioni, akamwambia Sijaona bila kuzunguka:

"Mama, dawa nitakupa. Lakini moshi ukibaki mu nyumba, dawa ni maji tu."

Anouar alikuwa na wazo lake. "Dada, kodi kibanda sokoni. Watu wote wanafanya hivyo."

"Na mama abaki na nani? Siku risasi zinalia mi niko sokoni, yeye iko peke yake?"

Kwa hiyo Sijaona akaamua kujenga: ateliye, karakana yake mwenyewe, nyuma kabisa ya kiwanja, mita nne kwa tatu, imeachana na nyumba kwa hatua kumi na mbili. Alizipima hatua hizo mwenyewe, akisimama kila mara kunusa upepo unatoka upande gani.

Mwashi alimpata mtaa wa Kanyosha. Aliitwa Callixte, mtu mpole wa maneno machache, aliyekuwa na nyumba yake mtaa wa Gasenyi kabla ya mapigano kumtoa. Sasa alilala kwa shemeji yake pamoja na mke na watoto watatu. Callixte alizunguka kiwanja, akapiga kamba, akachuchumaa na kuandika makadirio kwenye karatasi ya daftari la shule. Matofali, elfu sitini. Simenti mifuko kumi na minne, laki moja na elfu tano, maana mfuko ulikuwa umefika elfu saba na mia tano na haukuonyesha dalili ya kushuka. Mabati kumi na mawili, elfu sabini na nane. Mbao, mlango na dirisha, na kazi ya mikono yake. Alipojumlisha ikawa faranga laki tatu na elfu ishirini.

Sijaona alikuwa na laki moja na elfu thelathini na tano. Zilikuwa akiba za miaka sita, zimekaa kwenye kopo la maziwa.

"Fundi," alisema, "hapa unanijengea benki. Mi nataka kijumba cha kusuka mota. Tuanze upya, kitu kimoja kimoja. Hii simenti yote inakwenda wapi?"

Callixte alicheka, na lilikuwa jambo lake la nadra. Akamweleza. Kati ya tofali na tofali unaweza kuweka udongo, ukapaka simenti kidogo kwa nje tu, na mkanda mmoja juu pale paa litakapokaa. Mifuko mitano ingetosha. Lakini alimwonya: ukuta wa udongo unataka paa haraka, kwa sababu mvua ikiukuta uchi unarudi kuwa tope.

Kuanzia hapo Sijaona alijenga kwa miguu yake kabla Callixte hajajenga kwa mwiko. Mawe ya msingi aliyafuata mtoni Ntahangwa, kwa wanawake wanaoyakusanya, akapatana nao kwa lundo badala ya lori. Matofali aliyanunua tanuruni Kanyosha, yale ya pembeni ambayo moto haukuyashika vizuri, akiyagonga moja moja kwa kucha na kuyasikiliza kama anavyosikiliza mota. Lililolia aliliweka kulia, lililonyamaza alimrudishia mwenye tanuru. Mbao za kupasuliwa zilimshinda bei, akachukua miti ya mikaratusi. Mlango aliununua kwa mtu aliyekuwa anabadilisha wa duka lake. Mwisho wa Septemba kuta zilikuwa zimesimama, kazi ya Callixte imelipwa, na katika kopo la maziwa zilibaki elfu saba na mia tano. Bati moja lilikuwa elfu sita na mia tano.

Wingu lilikuwa linajikusanya kila alasiri juu ya milima. Callixte alifunika vichwa vya kuta kwa majani ya migomba na plastiki kuukuu.

Hapo ndipo Anouar alipokuja mbio, jasho likimtoka, na habari njema. Kuna mtu ana mabati kumi na mawili, anayauza elfu mbili moja. Kilichopungua yeye Anouar angeongeza kutoka dukani. Walikwenda watatu: Sijaona, Anouar, na Callixte wa kuyakagua.

Mabati yalikuwa yamelazwa nyuma ya ukuta, chini ya mkeka. Yalikuwa mazima, bado yanang'aa. Lakini kila tundu la msumari lilikuwa limechanika, kama vile mtu aliyang'oa kwa haraka bila kujali. Na upande wa ndani, mabati mawili yalikuwa na masizi ya jiko la mtu.

"Yametoka wapi?" Sijaona aliuliza.

Muuzaji aliinua mabega. "Mama, bati ni bati. Haina jina."

Katika mji ule kila mtu alijua nyumba zilizoachwa zilikuwa zinavuliwa nguo: paa kwanza, kisha milango, mwisho hata fremu za madirisha. Sijaona alimtazama Callixte. Mwashi alikuwa ameinama, ameweka kiganja juu ya bati la kwanza, anapima urefu wake kwa shubiri. Alipomaliza alisimama, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Si zangu, Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Zangu zilikuwa fupi."

Sijaona alirudisha mkeka mahali pake, akayafunika mabati vizuri mpaka pembeni.

"Apana," alimwambia muuzaji. "Sitachukua."

Njiani Anouar alikasirika kwelikweli. "Dada, mvua iko hapa! Ukiacha wewe, kesho mutu mwingine anachukua. Umemsaidia nani?"

"Sijui," alisema Sijaona. "Mi najua tu siwezi kukaa chini ya paa hiyo nikamwita Callixte aje anywe chai."

Callixte alitembea hatua chache mbele yao. Hakugeuka. Lakini siku iliyofuata alifika asubuhi bila kuitwa, na siku iliyofuata pia, kupanga upya majani ya migomba pale upepo ulipoyatawanya, na hakutaka malipo.

Mvua ya kwanza ililamba kona moja ya ukuta. Walikuwa wanaikarabati wakati mkokoteni ulipoingia uani na mota kubwa nyeusi juu yake. Ilitoka Ruziba, kwenye kinu cha kusaga mahindi cha mzee mmoja aitwaye Birindwa. Umeme ulikuwa umekuja kwa nguvu, ukakatika, ukarudi vibaya, na mota ikaungua. Ruziba ilikuwa imejaa watu waliokimbia vilima vyao, na sasa walikuwa wanatwanga kwa mikono au wanachemsha mahindi mazima. Birindwa alikuja mwenyewe, kofia mkononi.

"Nimezunguka mji mzima," alisema. "Wote wananiambia waya apana. Wananiambia, labda kwa binti ya Twalibu."

Ni kweli, waya haukuwepo mjini. Lakini Sijaona alijua waya mmoja ulipo. Baba yake alipofariki aliacha juu ya meza mota ya pampu, amekwisha kuisuka yote kwa waya mpya na hajaipaka vanishi. Mwenye pampu hakurudi tena. Kwa miaka minne mota ile ilikaa chini ya kitanda cha mama, imefungwa kwa kitambaa, na hakuna aliyeigusa. Ilikuwa kazi ya mwisho ya Twalibu, na unene wa waya wake ulikuwa ule ule uliotakiwa.

Sijaona alikwenda kwa mama yake, akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakujua aanze vipi. Mama alikuwa amesikia yote kupitia dirishani.

"Itoe," alisema mama. "Unafikiri baba yako aliisuka ili mimi niilalie?"

Basi waliifungua pamoja, uani, juani. Sijaona alivuta waya, mama akazungusha kibao cha kuukusanya, polepole, akipumzika kila alipokohoa. Wakati mmoja waya ulikataa kutoka, na mama akatabasamu. "Alikuwa anakaza sana, huyu mwanaume. Hata kamba za mbuzi alikaza hivi hivi." Sijaona alifuta macho kwa kiwiko, akaendelea kuvuta.

Waya mbovu wa Birindwa aliuchomea ndani ya ateliye isiyo na paa. Moshi ulipanda moja kwa moja ukapotelea angani, na chumbani kwa mama haukufika hata kidogo. Siku nne alisuka, siku ya tano akapaka vanishi, siku ya saba akapanda kwenye mkokoteni pamoja na mota kwenda Ruziba kuifunga mwenyewe.

Wanawake walikuwa kwenye foleni tangu asubuhi na mabeseni yao. Mota ilikohoa, ikashika, kinu kikaanza kunguruma, na unga wa kwanza ukashuka. Mwanamke mmoja alitia kidole, akaonja, akapiga vigelegele. Birindwa alichomoa noti. Sijaona hakuzipokea. Alikuwa ameona, nyuma ya magunia, mabati mapya yameegemezwa ukutani.

"Mzee, unilipe kwa hizo."

"Zile ni za nyumba ya mwana wangu. Nilizinunua kabla ya embargo, mipaka haijafungwa."

"Mwana wako anaoa lini?"

Birindwa alisitasita, akaitazama foleni, akakitazama kinu. "Vita ikiisha," alisema. Kisha akacheka mwenyewe kwa jibu lake, akahesabu mabati tisa.

Sijaona aliomba pia karatasi yenye jina, sahihi na tarehe. Alifanya vizuri, kwa maana njiani kurudi, kwenye kizuizi cha barabarani, askari aliyapekua mabati moja moja na kuuliza ameyaiba wapi. Alisoma karatasi mara mbili, akamwacha apite.

Kwa akiba yake alinunua bati la kumi. Mawili yaliyobaki Callixte aliyatengeneza kwa mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, akayaweka upande wa nyuma yasionekane. Paa lilifungwa kwa siku moja, na Anouar ndiye aliyekuwa juu akigongomea misumari, bila kutaja tena mabati ya elfu mbili.

Mama aliishi miaka mitano mingine. Kikohozi hakikuisha kabisa, lakini alilala kitandani amejinyoosha, na mchana alitoka kukaa uani kumtazama binti yake akifanya kazi.

Mwaka wa elfu mbili na tatu jirani yao, Médiatrice, mshonaji wa sare za shule, alitaka kujenga chumba chake cha cherehani. Alikuja kumuuliza Sijaona ateliye yake ilimgharimu kiasi gani. Wengine wangetaja tarakimu. Sijaona aliweka chini koleo, akavuta kigoda, akamsimulia yote mchana kutwa: lundo la mawe, matofali yanayolia, simenti mifuko mitano, mota ya baba yake. Médiatrice aliandika mpaka peni ikamwishia wino.

"Mbona ni vitu vingi hivi?" alisema akishika kichwa.

"Ni vingi," alikubali Sijaona. "Tuanze na mawe. Kesho saa moja ya asubuhi nitakupeleka mtoni, nikuonyeshe mama anayeuza bila kudanganya."