Mita Iliyolala

Mzee wa Mita aligombea udiwani akiwa na miaka sitini na minne, magoti yakimsumbua na koti moja tu la mikutanoni. Jina hilo alibandikwa na mtaa kwa sababu kwa miaka thelathini alikuwa msoma mita wa idara ya maji: anapiga hodi, anachuchumaa, anafuta kioo kwa dole gumba, anaandika, huyo anakwenda zake. Hapakuwa na ua asioujua, wala mbwa asiyemjua.

Kamati ya wakazi iliwapelekea wagombea karatasi ya maswali. Taka? Gari lipite mara mbili kwa wiki, porojo zikome. Taa za barabarani? Ziwake kwanza hizi zilizopo. Mitaro? Izibuliwe kabla ya mvua, si baada ya watu kuogelea vyumbani. Mistari miwili miwili, basi. Lakini kwenye swali la nyumba za kupanga alijaza nafasi, akageuza karatasi, akajaza na nyuma. Nyumba zinazofungwa miaka nenda miaka rudi zikisubiri bei ipande, aliandika, halmashauri iwabane wenye nazo wazipangishe kwa kodi ambayo muuguzi ataimudu.

Muuguzi mwenyewe alikuwa bintiye. Alipanga nyumba ya tatu kutoka kwa baba yake, na kila siku alikuja kufua uani kwa baba, kwenye jua la kutosha, watoto wakirushiana maji kwa mpira wa bomba. Kodi ilipopandishwa mara mbili kwa mwaka, alihamia ng'ambo ya jiji, mwendo wa mabasi mawili. Tangu hapo Mzee wa Mita huisoma mita yake mwenyewe kila asubuhi. Zamani kigurudumu chake chekundu, kinachozunguka maji yakipita, kilikimbia mpaka macho yakauma. Siku hizi kinajivuta kwa birika moja la chai. Alikuwa na hamu na watu wake, hamu ya kumfanya mtu aache sahani imejaa.

Jumapili moja binti alikuja na watoto na furushi la nguo. Aliikuta karatasi mezani, akaisoma mbele na nyuma.

"Baba, hili jibu la nyumba ni letu sisi, eh?"

"Ni la mtaa mzima."

"Baba!"

"Haya, ni lenu."

Binti alivuta kiti, akakaa. "Watoto wameshazoea shule ya kule. Na tumeanza kujenga, vyumba viwili tu. Hata ukishinda, baba yangu, hatutarudi."

Mzee akasema hongereni, kujenga si mchezo. Kisha akatoka uani, akachuchumaa mbele ya mita. Wajukuu walikuwa wamefungua mpira, na kigurudumu kilikuwa kinakwenda mbio.

"Kuna bomba linavuja?" binti aliuliza kutoka mlangoni.

"Hapana, mama. Naangalia tu."

Aliangalia mpaka nguo ya mwisho ikaanikwa na kigurudumu kikasimama.

Kesho yake katibu wa kamati, rafiki yake tangu ujana, alikuja kuchukua majibu.

"Hili la nyumba refu mno, ndugu yangu. Punguza. Na si umesema binti harudi?"

"Harudi."

"Sasa?"

Mzee alionyesha nyumba ya tatu, kufuli la getini limeota kutu. "Tangu atoke, hakuingia mtu. Mita ya pale imelala miaka mitatu. Nataka niione ikizunguka kabla sijafa, hata kama anayefua si wangu."