Kiti cha Mzee

Leo asubuhi jirani yangu amesikia marehemu mume wangu akisimama.

Ngojeni nieleze.

Daktari alisema presha yangu imepanda, nifanye mazoezi au nimfuate Mzee kaburini. Binti yangu akanitumia video ya mazoezi makali ya nyumbani. Leo nimeanza. Kijana wa kwenye video akapiga kelele: "Leta kiti imara! Keti! Simama! Haraka!"

Nina sofa tu, na kiti cha mbao cha Mzee.

Tangu tumzike kule Asembo, hakuna aliyekikalia. Kwetu kiti cha mwenye nyumba hakiguswi hivi hivi.

Nikasema, "Samahani, Baba Ouma." Nikaketi.

Niliposimama kikatoa mlio. Mlio ule ule wa kila jioni, alipoinuka kwenda kunawa mikono.

Nikaendelea.

Mara mlango ukagongwa. Ni Mama Achieng, tunayepakana naye ukuta hapa Otonglo, macho yamemtoka.

"Yawa, Mama Ouma! Nani amesimama kwa kile kiti?"

"Ni mimi. Nafanya mazoezi."

Nilidhani atacheka, au atanikemea. Akakaa kwenye sofa.

"Hebu simama tena," akasema.

Nikasimama. Kikatoa mlio.

"Si hivyo." Alikuwa anafuta macho na leso. "Mzee alikuwa anasimama polepole."

Nikazima video. Nikaketi, nikasimama polepole.

Wenzangu mlioachiwa kiti, nyinyi mnakikalia?