Pembe za Nyati Upande wa Kulia

Mchonga vitako vya bunduki alikuwa na mwiko mmoja: pale mpigaji anapolaza shavu, pasiguswe na patasi. Anayelenga kwa mkono wa kulia hulaza shavu upande wa kushoto wa kitako, basi nakshi zake zote zilikaa upande wa kulia. Alichora hivyo miaka nenda rudi bila hata kufikiri.

Mwanawe wa pekee alipopata kazi ya kulinda mashamba dhidi ya nyati, mzee alimchongea kitako cha kumtoa mtu macho. Alichora nyati, akafuta, akachora tena, kisha akachimba mbao pembeni mwa mchoro mpaka pembe zikainuka zikashikika. Watu walikuja kuzipapasa, naye akavimba kichwa kwelikweli.

Kijana huyo alizaliwa mashoto. Kwa fimbo za baba yake alijifunza kula na kuandika kwa mkono wa kulia, na mzee akajua yameisha. Hakuwahi kumwona akilenga.

Sasa nyati wa kweli alikuwa amemuua. Mkubwa wa walinzi alisema, tena makaburini, bila haya, kwamba marehemu aliinua uso wakati wa kufyatua, ndiyo maana akakosa. Mwoga. Mkamwana alikileta kitako karakanani.

"Baba, wananiita mjane wa mwoga. Ni kweli aliogopa?"

Mzee alikigeuza. Upande wa kushoto ulikuwa safi. Upande wa kulia, katikati ya pembe, damu ilikuwa imekaukia kwenye mikato ya patasi.

"Shavu lake la kushoto lilikuwaje?"

"Lilikuwa na vidonda visivyopona. Alisema ni miiba. Akanikataza nisikwambie."

Mzee akakaa kwenye vumbi la mbao. Alijichukia, na aliichukia mikono yake. Alipoweza kusimama alichukua kitako na nyundo ya mbao, akaenda hadi kwenye kibanda cha walinzi, mkamwana nyuma yake.

"Lenga kwa mkono wa kushoto, kama mwanangu," alimwambia mkubwa wao. "Laza shavu hapo."

Yule bwana alicheka, akalaza. Mzee akakigonga kitako kwa mbele, kikarudi begani kwa kishindo kama bunduki inapofyatuliwa, pembe zikamkwaruza shavu.

"Mzee, unaniumiza!"

"Laza tena."

Walinzi wote walikuwa wakitazama, ikabidi alaze. Mzee akainua nyundo. Kabla haijashuka, yule bwana alikuwa ameshainua uso.